Wapangaji wa Uso

Raya alipoletwa kwangu hakuwa na shavu la kuwekea kidole. Uso ulikuwa umebabuka toka kwenye paji mpaka kidevuni, ngozi imevutika na kung'aa kama ganda la kitunguu, na kila alipofumbua mdomo ilichanika kidogo pembeni. Nilimwambia avue mtandio, akae mkekani, asijiguse. Kisha nikamuuliza alikuwa anapaka nini, ingawa jibu nalijua.

"Lulu," akasema.

"Na ilipoanza kukuwasha ulifanya nini?"

"Nilizidisha."

Ndivyo wafanyavyo wote. Nyumba inaungua, mtu anaimwagia mafuta ya taa, halafu anakuja kwangu analia kwamba moto hauzimi. Sikumwambia hivyo, maana alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kusemwa vya kutosha. Nilichota maji mtungini nikaanza kazi.

Mimi ni Mwanamvua, wengi wananiita Bi Mvua. Zamani nilikuwa somo wa maharusi hapa Ngamiani. Mwari nilimweka ndani, nikamsinga kwa liwa na manjano, jua halimwoni mpaka siku ya arusi. Lulu ilipoingia Tanga kazi yangu ikafa. Msichana gani atakubali kusuguliwa na bibi kizee wakati kopo dogo linampa uso wa kitoto akilala na kuamka? Sasa wale wale waliokuwa wakinicheka nawaweka ndani wakiwa wamebabuka, na desturi ni ile ile. Chumba cha giza, maji ya mtungi, khanga kuukuu iliyolainika. Liwa tu ndiyo sitii. Uso ulioumia hautaki kupambwa. Hakuna sabuni, hakuna manukato, hakuna kusugua. Unaulowesha, unaukausha kwa kuugusagusa, unaupaka mafuta ya mgando, unauacha. Kuacha ndiko kugumu, watu hawajui kuacha.

"Bi Mvua," Raya aliniuliza nikiwa namkausha, "hivi wapangaji watatoka kweli?"

"Watatoka wakifa. Na watakufa kwa njaa, polepole. Ukiwa na subira."

"Mimi subira sina. Nina mtoto hospitali."

*

Kwa asiyeijua Lulu, si dawa ya kupaka ikaisha. Ni kitu hai. Ndani ya kopo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyofugwa maabara ili viwe vinakula ngozi iliyokufa na kuacha utelezi mzuri nyuma yao. Kampuni iliviita wasaidizi. Sisi tuliwaita wapangaji, kwa sababu wakiingia hawatoki. Kila asubuhi unawatilia maziwa yao usoni, matone kutoka kichupa cheupe kinachouzwa pamoja na kopo. Wakiyapata wanakula ngozi iliyokufa tu. Wakiyakosa wanakula iliyo hai. Na wakishiba kupita kiasi wanazaana, wakizaana ngozi haikui upesi kama wanavyoila, ndipo uso unapoanza kuwaka. Mama zetu walibabuka kwa mkorogo, lakini mkorogo ulikuwa hauna tumbo.

Utasema, si waache kupaka. Wataachaje, na vioo viko kila mlango? Tangu ile homa ya vipele ilipozoa watu, hakuna mlango wa maana usio na kioo. Unasimama mbele yake, kinakusoma uso, kinakutaja jina, kinakufungulia. Hospitali, shule, ofisi, stesheni, hata soko la samaki. Uso wenye wekundu au upele hakiupitishi. Kioo hakijui tofauti ya homa na chunusi, kwake vyote ni hatari. Basi watu wakapaka Lulu ili wapite, na Lulu ikawafanya wasipite. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine umejipaka mwenyewe.

Raya alijifungua kabla ya wakati. Alipelekwa usiku wa uchungu uso wake ukiwa safi, akapita. Kule wodini hakuwa na kichupa chake cha maziwa, na nani anakumbuka kichupa wakati mtoto anatoka mdogo kama kifaranga? Wapangaji wakakosa chakula, wakamgeukia yeye. Alipotoka kwenda nyumbani kuchukua nguo, uso ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Aliporudi kioo kikamkatalia. Mtoto akabaki ndani kwenye chumba cha njiti, mama akabaki langoni, maziwa ya kifua anayakamulia kwenye chupa na kuyapitisha dirishani.

Mumewe, Kombo, naye hakupita. Huyo alikuwa na makovu ya ile homa yenyewe, mashavu yote mashimo mashimo, kioo kikimwona kinapiga kelele. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, anaongea kama anaomba radhi. Jioni alikuja kukaa barazani kwangu, mkewe yuko nyuma ya pazia, wanazungumza bila kuonana.

"Mwanangu hata adhana hajasomewa," aliniambia siku moja. "Kazaliwa, kafungiwa kitanda cha kioo, hakuna sauti ya mzazi iliyoingia sikioni mwake. Hata jina hatujampa. Tunamwitaje mtu ambaye hatujamwona?"

Nilimwambia avute subira. Neno hilo nilikuwa nalitoa kila siku, na kila siku lilikuwa linapungua uzito.

*

Kuwaachisha wapangaji ni kama kumwachisha mtoto ziwa. Huwezi kukata mara moja, watamtafuna mtu mpaka kwenye mfupa. Unawapa tone leo, keshokutwa nusu tone, huku mafuta ya mgando yamewafunika wasipumue vizuri. Kichupa cha maziwa nilikiweka juu ya kabati langu, nami peke yangu ndiye niliyekishika.

Sheria ya nyumba yangu ilikuwa moja kubwa: shavu la mtu lisiguse shavu la mwingine. Nilijifunza kwa ndugu wawili waliokuja mwanzo kabisa, mkubwa amebabuka, mdogo amemsindikiza. Walilala mto mmoja. Asubuhi mkubwa aliamka na uso mzima, umepoa, umefunga. Mdogo ndiye aliyeamka anapiga mayowe. Wapangaji wanapoona ngozi changa kuliko ile waliyomo huondoka wote kwa msafara mmoja, kama siafu, hasa wakiwa wameshiba. Na hawarudi nyuma. Ngozi kuukuu hawaitaki wakishaonja changa.

Habari hiyo ilipoenea mjini walikuja watu waliovaa vizuri, wakiniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuwapatia uso wa kuhamishia. Uso wa binti wa mtu. Niliwatoa kwa ufagio, na mmoja nilimpata mgongoni sawasawa.

Raya alikuwa anaendelea vizuri, nasema kweli. Ule moto ulishuka. Wekundu ulibaki pembeni mwa pua na chini ya macho. Ngozi ilianza kurudisha vinyweleo, na hiyo ndiyo dalili ninayoipenda. Nilianza kumtania kwamba nitamtoa na ngoma kama mwari. Alicheka, ufa haukutokea, tukacheka tena kwa sababu hiyo. Zilibaki siku chache sana.

Ndipo Sista Nakijwa akapiga simu. Ndiye muuguzi wa chumba cha njiti, Mpare mmoja asiyepoteza maneno. Simu ilikuwa mkononi mwa Raya, lakini sauti niliisikia.

"Mapafu yanachoka," alisema. "Mashine inamsukumia hewa, yeye haisaidii. Raya, kama kuna namna yoyote ya kuja, njoo leo."

*

Raya hakulia. Alinitazama, kisha akatazama juu ya kabati.

"Hapana," nikamwambia.

"Nikiwapa maziwa sasa, uso utakuwa safi kufikia saa ngapi?"

"Alasiri utakuwa unang'aa. Na utakuwa umeupoteza milele. Wamebaki wachache na wana njaa. Ukiwalisha kichupa kizima watajaa upya, na wa mara ya pili hawaachishwi. Nimejaribu kwa wengine. Hakuna hata mmoja aliyepona."

"Lakini leo nitapita."

"Leo tu. Kesho hutapita, wala mwaka kesho."

Kombo alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilidhani atanisaidia, na kweli alijaribu.

"Raya, fikiri," akasema. "Mtoto akipona je? Mimi sipiti kliniki, sipiti shule. Na wewe usipite? Nani atampeleka? Tutamlea kupitia dirishani?"

"Na akifa leo?" Raya akamuuliza. "Akifa jioni hii peke yake, na mimi nimekaa hapa natunza mashavu? Nitakwenda nao wapi huo uso mzuri, Kombo? Nitapita nao mlango gani nikafurahi?"

Kombo aliinamisha kichwa. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu. Nilikuwa najua kwa hakika kwamba kumpa ni kumwangamiza. Nilijua pia kwamba kumnyima si kumponya, ni kuutunza uso tu, na mwenye uso angebaki amekufa ndani yake. Walionifundisha usomo walisema kazi yetu ni kumtoa mwari akiwa mzima. Hawakusema mzima wapi.

Mimi nimezaa watoto sita, wawili nimewazika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilisimama nikashusha kichupa.

"Nisikilize vizuri," nikamwambia. "Wakishiba watazaana, wakizaana watatafuta nyumba. Ngozi ya njiti kwao ni karamu. Usimbusu. Usimnuse. Usimlaze kifuani. Mshike kwa mikono uliyoiosha, basi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Apa."

Aliapa, na mimi nikamwamini, na mpaka leo nasema alikuwa mkweli.

Nilimpaka mwenyewe. Walizinduka mbele ya macho yangu. Wekundu ulirudi nyuma, nyufa zikajifunga, na ule utelezi ukatanda toka pua hata masikio. Alasiri haijafika alikuwa na uso ambao hakuna bibi harusi niliyewahi kumtoa aliyekuwa nao. Nilimwona mzuri, na uzuri wenyewe ukanitisha. Aliondoka na mumewe kwa miguu, haraka haraka, mtandio umemwangukia mabegani.

*

Asubuhi yake Sista Nakijwa alinipigia mimi. Kwa kawaida yule sauti yake haipandi wala kushuka, lakini siku ile ilikuwa na furaha ndani yake.

"Bi Mvua, mtoto anavuta hewa mwenyewe. Sijui niseme nini. Mama alikaa naye mpaka jioni, anamshika mguu, anamsemesha. Alfajiri tumempunguzia mashine. Ana rangi."

Nilikaa chini nikamshukuru Mungu. Nilijiambia, basi uso umekwenda lakini roho imebaki, na bora nusu shari kuliko shari kamili. Nilianza hata kufikiri ni jirani gani mwenye uso unaopita tungemwomba awe anampeleka mtoto kliniki. Nilipika uji, nikauacha upoe, nikaunywa kwa raha zangu.

Kisha Raya akabisha hodi.

"Bi Mvua, shikamoo. Hebu niangalie." Alikuwa anatabasamu kwa meno yote. "Nimeamka hauwaki. Sikuwapa maziwa leo, na hauwaki. Nadhani wamekufa. Umekosea, mama yangu, wamekufa wenyewe."

Nilimvuta mpaka penye mwanga. Ule utelezi haukuwepo. Ilikuwa ngozi ya mtu, na weusi wake halali, na vinyweleo, na kovu dogo la utotoni karibu na nyusi ambalo sikuwahi kuliona. Niliweka kiganja shavuni. Lilikuwa la baridi kama mtungi. Nimeona mamia ya nyuso zikipona na hakuna unaopona hivyo kwa usiku mmoja. Niliwahi kuuona mmoja tu, wa yule dada mkubwa aliyelala mto mmoja na mdogo wake.

"Ulimfanya nini mtoto?" nikamuuliza.

"Sikumbusu. Wallahi Bi Mvua, sikumbusu wala sikumnusa. Nilimshika mguu kama ulivyoniambia."

"Na nini tena?"

"Hakuna. Nilimsomea adhana tu. Kombo aliniomba pale langoni. Alisema kama anaondoka asiondoke bila kusikia jina la Mungu, na mwanamume hakuna wa kuingia, Mungu atapokea. Basi nikamsomea. Sikio la kulia adhana, la kushoto ikama, na jina lake nikamtamkia. Tumemwita Rajabu."

"Ukiweka mdomo sikioni mwa mtoto," nikamwambia, "shavu lako linakuwa wapi?"

Niliona akifikiri. Niliona mkono wake ukipanda wenyewe mpaka shavuni, ukikaa pale, na tabasamu likiwa bado halijaondoka kwa sababu lilikuwa halijapata habari. Nilimkataza kubusu, nilimkataza kunusa. Mimi mwanamke wa Kiislamu, mama wa watoto sita, wote waliadhiniwa mikononi mwangu, sikukumbuka sikio.

Simu ikaita tena. Ilikuwa Nakijwa, na sauti yake ilikuwa imerudi chini. Alisema mtoto ana wekundu kwenye mashavu yote mawili, unaelekea kwenye macho, na kwamba analia bila sauti.

*

Langoni mwa hospitali kioo kilimsoma Raya kwa muda mfupi tu. Kwa wiki zote zile kilikuwa kinamfukuza. Sasa kikamwambia kwa ile sauti yake ya kike, "Karibu, Raya Salimu. Uso wako ni mzima," na mlango ukafunguka. Kombo alibaki nje kwenye ukuta. Mimi nikapita nyuma ya mkewe, maana makunyanzi hayakatazwi.

Chumba cha njiti kilikuwa na vitanda viwili vya kioo. Kimoja cha Rajabu, cha pili cha mtoto wa kike wa watu wengine, amelala na ngumi juu. Nilimwangalia Rajabu mara moja tu. Ngozi ya njiti ni karatasi. Kuwaachisha wapangaji kunataka wiki, na yeye hakuwa na ngozi ya kutosha hata siku ya pili. Mafuta ya mgando niliyobeba nilibaki nayo mkononi.

"Nipe mimi," Raya akasema. "Nimlaze shavuni, wanirudie."

"Hawarudi nyuma, mwanangu. Wewe kwao ni kuukuu."

"Wewe je? Hujawahi kupaka Lulu."

"Ningewapa uso huu wangu toka jana. Mimi ni kuukuu kuliko wewe."

Nakijwa alikuwa anarekebisha mpira wa hewa, anajifanya hatusikii.

"Wanakwenda kwenye ngozi changa tu," Raya akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Changa kuliko yake."

Hakuwa ananiuliza. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye kitanda cha pili, kwa yule mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya wake. Sijui alimtazama kwa muda gani, najua kwamba nilishika ncha ya mtandio wake bila kukusudia na kwamba niliogopa. Nilimwogopa yeye, nami nikajiogopa, kwa sababu nilikuwa nampenda Raya na yule mwingine simjui.

"Sista," akasema hatimaye. "Huyo mtoto wa watu mwondoe humu. Mpeleke chumba kingine, mbali. Usimrudishe mpaka mimi na mwanangu tumeondoka."

Nakijwa alimtazama, kisha akaanza kuchomoa mipira ya kile kitanda kimoja kimoja, kwa uangalifu. Alipokisukuma nje, magurudumu yalilia sakafuni mpaka mwisho wa ujia. Raya alisubiri mlango ufungwe. Kisha akafungua kitanda cha mwanawe, akamtoa na nyaya zake, akamlaza kifuani na shavuni, akambusu kila mahali ambapo jana alikuwa amekatazwa. Hakukuwa tena na cha kukataza. Nilikaa naye. Mtoto alikwenda kabla ya adhuhuri, na aliyemfumba macho ni mama yake.

Kombo alimpokea langoni akiwa amefungwa kitambaa cheupe. Ndiyo mara ya kwanza aliyomshika. Aliuinamia uso ule uliobabuka, akauangalia sana, kisha akasema tu kwamba kachukua pua ya upande wa kwao.

Mlango ulikuwa bado haujajifunga nyuma yetu. Kioo kilimwona Raya akitoka, mashavu yake yamelowa machozi na hayakuwasha popote.

"Asante, Raya Salimu," kikasema. "Uso wako ni mzima. Karibu tena."